Nusu Saa ya Barafu

Kila alfajiri, kabla mtu yeyote hajapiga mswaki, Kiroboto aliingia jikoni kwa mchungaji aliyewakaribisha akiwa amejifunga shuka mabegani. Alifungua friza, akatoa chupa nne bapa zilizojaa barafu na kuzipanga mezani juu ya kitambaa kikavu. Zilitoka ngumu kama matofali, zimepakwa unga mweupe wa baridi. Kisha aliketi kwenye kigoda na kusubiri. Polepole chupa zilianza kutoa jasho. Aliinua moja na kuitikisa karibu na sikio. Ikiwa kimya, aliirudisha mezani. Akisikia maji kidogo yanacheza ndani, ilikuwa tayari kuingia kwenye kasha la chanjo.

"Ni kama nusu saa hivi," mama yake alimweleza siku ya kwanza. "Lakini usitazame saa, sikiliza chupa."

"Sasa mama, si tunataka baridi? Mbona tunaisubiri iyeyuke?"

"Tunataka baridi, hatutaki baridi kali. Chanjo ni kama mtoto mchanga anayeogeshwa. Maji ya moto yatamuunguza, na ya barafu yatamuua. Barafu ikiingia ngumu hivi, chanjo inapigwa na baridi kupita kiasi. Na haitakuambia kitu. Utaitazama, utaiona nzima, kumbe ndani haina kazi tena."

Ndani ya kasha, chini kabisa, kulikuwa na kipimajoto. Kiroboto alitakiwa kukisoma mara tatu kwa siku na kuandika namba kwenye daftari: asubuhi, mchana, jioni. Ikiwa kati ya mbili na nane, mambo ni sawa. Ikipanda au kushuka zaidi ya hapo, amwite mama mara moja. Mama mwenyewe hakupenda kufungua kasha ovyo. "Kila kifuniko kikifunguliwa, baridi inatoroka," alisema. Kwa hiyo alisoma daftari, akafungua mara moja, akachukua chupa ya chanjo na kufunga upesi.

Kiroboto halikuwa jina lake la ubatizo. Alipewa na mama yake kwa sababu tangu alipojua kutembea, hakuna kiti kilichoweza kumshika dakika tano. Alikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita. Kanisa lao lilipopanga safari ya siku kumi ya kutibu watu nchi jirani, mama yake aliyekuwa muuguzi aliandikwa wa kwanza. Kwa vile nyumbani hakukuwa na wa kumwachia mtoto wakati wa likizo, aliomba aende naye.

"Safari ya tiba si matembezi ya shule," mzee mmoja wa kanisa alinung'unika.

Daktari aliyeongoza msafara alisema, "Mpeni kazi. Mwenye kazi hapotei njia."

Ndiyo hiyo kazi aliyopewa. Walisafiri siku mbili kwa basi, wakavuka mpaka, wakafika kwenye mji mdogo uliokuwa ukinyeshewa na mvua nyembamba, ile isiyo na radi wala haraka, inayolowesha mpaka moyo. Wenyeji waliwapa shule ya msingi iliyokuwa imefungwa, jirani na nyumba ya mchungaji. Darasa moja lilikuwa la kuandikisha wagonjwa, moja la daktari, moja la kung'olea meno. Ofisi ya mwalimu mkuu ikawa chumba cha mama, cha chanjo na vidonda. Huko ndiko kasha lilikokaa, chini ya ramani ya dunia iliyoliwa na mchwa.

Watu walipanga foleni barazani tangu gizani, wamejifunika magunia na mifuko ya plastiki. Siku ya pili vijana wanne walileta mzee amelala juu ya mlango uliong'olewa bawaba zake. Daktari alimpima kwa muda mrefu, kisha akavua miwani na kuifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Angekuja miezi sita iliyopita," alimwambia mama kwa sauti ya chini.

Wale vijana waliinua mlango wao, wakarudi naye mvuani. Kiroboto aliwatazama mpaka walipopotea kwenye kona. Alikuwa amedhani kwamba wakishafika wao na masanduku yao, kila anayeletwa atarudi kwa miguu yake.

Kitu kimoja tu kilimchangamsha pale. Mke wa mchungaji, aliyewapokea na kuwa mkalimani wao, alikulia karibu na mpaka, na Kiswahili alikijua vizuri. Binti yake, rika la Kiroboto, naye alikizungumza vizuri kiasi. Kiroboto alimpa jina la Mwenyeji, naye akalipenda, akalivaa kama kofia mpya. Mwenyeji na wenzake walikuwa na kamba ndefu ya katani. Kila alfajiri waliruka kamba kwenye baraza la nyuma lililoezekwa bati, kwa sababu baadaye Mwenyeji alikuwa na ndoo ishirini za kuchota.

Asubuhi ya nne Mwenyeji alichungulia jikoni.

"Wewe bado unalea barafu? Barafu haina mama?"

"Mama yake nimeketi hapa," Kiroboto alicheka. "Bado dakika ishirini."

"Dakika ishirini! Zamu yako itakuwa imekwisha. Barafu ni barafu tu. Itayeyukia humo humo ndani."

Kiroboto alisikia kamba ikipiga sakafu, tap, tap, tap, na wenzake Mwenyeji wakihesabu kwa lugha yao. Alitikisa chupa moja. Kimya. Akatikisa ya pili. Kimya vilevile. Miguu ilikuwa inamwasha. Akazibeba zote nne kifuani, akakimbia nazo ofisini, akazipachika ndani ya kasha, moja kila upande, akafunga. Alipofungua daftari alikumbuka hajasoma kipimajoto. Jana ilikuwa nne. Leo itakuwa nini kama si nne? Akaandika nne, akaenda kuruka kamba. Aliruka mara sitini na moja bila kukanyaga, wakampigia makofi.

Siku ya tano alifanya hivyo hivyo, na mara ya pili ilikuwa rahisi kuliko ya kwanza. Siku ya sita hakuona hata haja ya kurudi mchana na jioni kujifanya anasoma. Aliandika namba zote tatu asubuhi kwa pumzi moja: nne, tano, nne.

"Mnamwona huyu binti yangu?" mama aliwaambia wenzake akifungua daftari. "Mwandiko unasomeka na hakuna nafasi hata moja tupu. Na mlisema hawezi kutulia."

Kiroboto aliinama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Siku hiyo hiyo ya sita, yapata saa nne asubuhi, bibi mmoja aliingia amemshika mkono mjukuu wake wa miaka sita. Mguu wa mtoto ulikuwa umefungwa kitambaa chenye damu. Mke wa mchungaji alitafsiri: jana jioni ameumwa na mbwa. Mbwa mwenyewe alikuwa ameshauma mbuzi wawili, mate yanamtoka, anayumba kama mlevi. Wanaume wamemuua.

Mama hakupoteza muda. Alimketisha mtoto karibu na pipa la maji, akaanza kuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, akamwagiza Kiroboto amshike mkono.

"Robo saa nzima," mama alisema bila kuinua macho. "Mwambie bibi, mbwa akiuma, hii ndiyo dawa ya kwanza, na kila nyumba inayo. Ukishaosha ndipo unakimbilia chanjo."

Mtoto alikuwa anang'ata mdomo ili asilie. Kisha akasema kitu, na mke wa mchungaji akacheka.

"Anauliza, kati ya sindano na mbwa, nani ana meno marefu?"

Daktari wa meno, mtu wa mizaha aliyeitwa Ng'oa, alikuwa anapita mlangoni. "Mwambie hapa mwenye meno ni mimi. Ninayo ndoo nzima!"

Mtoto alicheka huku machozi yanamtiririka. Mama alitazama daftari, akaona nne, akafungua kasha, akachukua chupa ya chanjo, akamchoma begani. Bibi aliunganisha viganja na kuinama mara tatu. Aliambiwa arudi baada ya siku tatu. Mtoto aliachilia vidole vya Kiroboto kimoja kimoja, kama hataki.

Mchana foleni ilimzidi mama. "Kiroboto, mwanangu, ongeza barafu ya akiba humo, na usome kipimajoto."

Alifungua. Kuta za ndani zilikuwa na ukungu mweupe. Vichupa vya chanjo vilinata kwenye vidole vyake. Alichukua kipimajoto, akakigeuza kuelekea dirishani ili aone vizuri. Kilisoma mbili, lakini si ile mbili salama. Ilikuwa mbili chini ya sifuri.

Alitazama huku na huku. Mama alikuwa amempa mgongo, anafunga bandeji. Kwenye daftari, chini ya "mchana", namba tano ilikuwa inamsubiri, aliyoiandika mwenyewe asubuhi. Angeweza kuikata. Kalamu ilikuwa mkononi.

"Ngapi?" mama aliuliza.

"Tano," Kiroboto alijibu.

Wakati wa chakula Ng'oa aliuliza habari za yule mtoto. "Tuseme asingeletwa, ingekuwaje?"

"Ugonjwa wa kichaa cha mbwa hauna haraka," mama alisema. "Unaweza kukaa wiki, hata miezi, mtu anacheza na wenzake. Lakini siku dalili zikitokea, basi. Mgonjwa anaogopa hata maji ya kunywa. Hakuna dawa, hakuna daktari. Ni chanjo tu, na iwe nzima, na iwahi."

Kiroboto alikuwa na tonge mdomoni. Alilizungusha huku na huku, mwishowe akalitema kiganjani na kulificha chini ya sahani.

Jioni msafara ulikutana kanisani kwa maombi kama kawaida. Daktari aliinua daftari la joto watu wote walione. "Sisi wakubwa tuna kadi za wagonjwa zisizo na tarehe," alisema. "Huyu mtoto hajaacha mstari hata mmoja. Tujifunze kwake." Watu wakampigia makofi. Makofi yalimchoma kuliko viboko. Alitaka kusimama aseme, lakini sala ikaanza, na baada ya sala mama alimkumbatia mbele ya watu, na hapo ndipo maneno yalipozidi kuzama.

Asubuhi ya saba alitoa chupa za barafu mapema zaidi. Alizisubiri mpaka zote nne zikalia maji, kana kwamba uaminifu wa leo ungerudi nyuma na kuosha ule uongo wa jana. Mwenyeji alikuja mlangoni na kamba yake.

"Leo huji?"

Kiroboto alitikisa kichwa. Kisha akamwambia yote, kwa kunong'ona, kuanzia asubuhi ya nne.

Mwenyeji alikaa sakafuni. "Usiseme," alisema kwanza. "Mama yako atakuchuna ngozi. Mama yangu naye atanichuna, mimi ndiye niliyekuita." Alizungusha kamba mkononi, akaikunjua, akaizungusha tena. "Lakini yule mtoto namjua. Wanakaa kule machimbo ya mawe. Watu wa kule wanahamahama. Kazi ikiisha, wanabeba vitu vyao wanakwenda machimbo mengine, hata hawaagi."

"Ina maana wanaweza wasirudi?"

"Mimi sijui. Nasema tu."

Kiroboto alisimama. Alitembea kuelekea ofisini, kisha akakimbia. Ndani, mama alikuwa ameshaanza kazi. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi kitini, mkono umevimba na una alama za meno, bega liko wazi. Sindano ilikuwa tayari hewani.

"Mama, usimchome!"

Mama aligeuka. Mke wa mchungaji aligeuka. Mwanamke kitini akashika bega lake kwa hofu.

"Hiyo chanjo imeharibika. Ile ya jana pia. Niliweka barafu bila kusubiri, siku tatu. Namba niliandika za uongo. Jana kipimajoto kilikuwa mbili chini ya sifuri nikakuambia tano."

Mama aliweka sindano kwenye sinia, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Hakumpiga. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Nimemchoma yule mtoto kwa mkono wangu huu." Na akautazama mkono.

Daktari aliitwa. Alisikiliza akiwa amesimama, akauliza maswali mafupi: lini, mara ngapi, nani amechomwa tangu siku ya nne? Mama alipitia kadi. Walikuwa wawili: fundi wa baiskeli wa pale sokoni, na mtoto wa machimboni.

"Pengine chanjo ni nzima," Ng'oa alijaribu kusema. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Pengine," daktari alijibu. "Lakini karatasi ya kiwandani inasema ikipita kwenye baridi kali isitumike. Na kwa jino la mbwa, pengine haitoshi."

Aliamuru kasha lote litolewe. Vichupa thelathini na vinne, vilivyovuka mpaka kwa siku mbili vikipakatwa kama mayai, vilitengwa vikaharibiwe. Mke wa mchungaji alitoka barazani kuwaeleza waliokuja kuchanjwa kwamba leo hakuna, wala kesho. Kiroboto aliona mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akiuliza tena na tena, kama hajasikia vizuri, kisha akafunika mtoto wake plastiki na kuondoka.

Daktari alipiga simu hospitali ya mji mkubwa, mwendo wa saa tatu kwa gari. Chanjo ilikuwepo. "Wachukueni hawa, mwende nao leo hii," alisema. Kisha akamgeukia Kiroboto. "Na wewe utakwenda. Kule machimboni utasema mwenyewe. Si kwa ajili ya kukuaibisha. Bibi yule ana haki ya kujua ukweli kutoka kwa aliyeubeba."

Fundi wa baiskeli alipatikana upesi, mikono imejaa grisi. Aliuliza mara moja tu kwa nini, akaguna, akafunga kibanda chake. Mwanamke aliyeumwa mkono alikuwa tayari garini. Njia ya machimboni ilikuwa tope tupu, na dereva alishuka mara mbili kuweka mawe chini ya matairi. Njia nzima Kiroboto alikuwa anaomba kimoyomoyo: wawepo, wawepo tu.

Walikuwepo. Bibi alikuwa ameketi kwenye rundo la kokoto chini ya turubai, nyundo mkononi, anapasua mawe. Mtoto alikuwa pembeni anapanga vijiwe mstari. Alipomwona Kiroboto alitabasamu na kuonyesha bega lake.

Wapasua mawe wengine waliacha nyundo zao, wakasogea. Kiroboto alisimama mbele yao, viatu vimezama topeni, akasema. Mke wa mchungaji alitafsiri neno kwa neno, bila kupunguza wala kulainisha.

Bibi alisema akitazama mawe.

"Anasema," mke wa mchungaji alitafsiri, na sauti yake ilikuwa nzito, "muuguzi wa zahanati yao alimwambia apande gari siku ile ile, aende hospitali ya mji mkubwa. Gari lilikuwa pale pale. Yeye akakataa. Akasema, shuleni kuna wageni waliotumwa na Mungu, hao hawawezi kukosea."

Mama yake Kiroboto alipiga magoti kwenye kokoto. "Mwambie tumekosea. Mwambie tumekuja kumpeleka huko huko."

Bibi alimtazama Kiroboto, akauliza kupitia mkalimani. "Una miaka mingapi?"

"Kumi na miwili, bibi."

"Huyu ana sita. Mama yake nimemzika. Sina mwingine."

Hakusema amesamehe. Aliweka nyundo chini, akanawa mikono kwenye kopo, akambeba mjukuu wake na kuingia garini. Mtoto alisinzia, kichwa kikamwangukia Kiroboto begani. Bega lilikufa ganzi, na Kiroboto hakujisogeza hata kidogo.

Hospitalini muuguzi alifungua jokofu, akasoma kipimajoto, akaandika, kisha akamwita mwenzake naye akasome. Ndipo alipochukua chanjo. Safari hii mtoto hakuuliza habari za meno. Alichomwa begani, kisha akadungwa dawa nyingine kuzunguka kidonda chenyewe, na alilia kwa sauti iliyojaza ukumbi wote. Kiroboto alisimama nje ya pazia, akaisikia yote. Hakuziba masikio.

"Mmemwahi," muuguzi yule alimwambia mama. "Lakini asikose dozi zinazofuata, hata moja."

Mke wa mchungaji aliahidi kwamba kila dozi atamleta mwenyewe, na bibi akakubali kukaa na mjukuu wake nyumbani kwa mchungaji mpaka zitimie. Msafara ulimaliza siku tatu zilizobaki bila chanjo. Mwenyeji na Kiroboto walichota maji pamoja, ndoo ishirini kwa siku, na kamba haikutolewa tena. Siku ya kuondoka bibi alikuwa anaota moto jikoni. Kiroboto alikwenda kumuaga. Bibi aliitikia salamu, basi.

Nyumbani, Jumapili iliyofuata, kanisa lilijaa kusikiliza habari za safari. Mzee wa kanisa alimvuta daktari pembeni. "Hayo ya barafu si lazima yasemwe hapa. Yatawavunja moyo watu waliochangia."

"Mzee wangu," daktari alisema, "tukisema meno mia mbili tuliyong'oa na kuficha mtoto mmoja tuliyekaribia kumuua, hatujatoa shukrani. Tumejisifu."

Kiroboto alisimama na kusema, kwa sauti ndogo, mpaka mwisho. Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja wa mbele alikuwa anafuta macho, na mwingine alinong'ona na jirani yake huku akimkodolea macho Kiroboto. Mwisho wa ibada watoto wenzake walimpita bila kusimama.

Wiki tatu baadaye simu ililia jioni, mama akiwa anapiga pasi sare yake ya kazi. Alisikiliza, akasema "Asante, mama mchungaji, asante sana," akaweka simu mezani na kukaa.

"Amemaliza dozi zote," alisema. "Ni mzima. Fundi na yule mama mwingine nao pia. Bibi amerudi machimboni na mjukuu wake."

Kiroboto alilia, na mama akamwacha alie. Alipotulia, alimvuta karibu.

"Bibi alisema chochote?" Kiroboto aliuliza.

"Hakusema. Na hana deni la kukuambia neno lolote." Mama alimfuta machozi kwa kiganja. "Nami nina sehemu yangu. Nilikupa kazi ya mtu mzima, nikasoma daftari badala ya kusoma kipimajoto. Hilo nimekwisha kuliandikia barua hospitalini kwetu, na nimepewa onyo. Lakini sikiliza, mwanangu. Barafu ngumu lilikuwa kosa. Kila mtu hukosea, hata daktari. Kosa likisemwa, wenzako wanakusaidia kulibeba. Ungeniambia ni mbili chini ya sifuri, ningekasirika saa moja, tungetupa chanjo, na yule mtoto angefika hospitali siku ile ile. Ulipoandika nne ya uongo na kuniambia tano, ulinifumba macho, ukautumia mkono wangu kumdhuru mtoto wa watu. Mwongo hadanganyi peke yake. Huwafanya watu wema wafanye mabaya bila kujua."

"Mama, je, utanichukua tena safari nyingine?"

Mama aliinuka, akashika pasi, akaijaribu kwa kidole kilicholowa mate. Ilikuwa bado ya moto.

"Sijui," alisema. "Nataka kukuambia ndiyo. Lakini mimi na wewe sasa tunaambiana ilivyo, na ilivyo ni kwamba sijui."

Kiroboto alivuta kiti, akaketi karibu yake, akaanza kumkunjia nguo zilizokwisha kupigwa pasi.